Kitanda cha Ndoo

Habari za njia nitaziacha. Milima niliyopanda na mito niliyovuka haikunifundisha lolote, na msomaji ana milima yake. Nianze pale nilipokwisha kuwa ndani ya Uzimani, nchi ambayo wenyeji wake huapa kwa afya zao kama wengine wanavyoapa kwa mama zao, na ambayo sheria zake nilizisikia zikisifiwa tangu nikiwa kwetu. Aisifuye mvua imemnyea. Mimi nimegundua kwamba wengi walioisifu mvua ya Uzimani waliitazama kupitia dirisha.

Sheria kubwa ya nchi ile inaitwa Sheria ya Mtungi. Kila raia ana Mtungi wake, nao si wa udongo. Ni akaunti katika hazina ya taifa, ingawa kila nyumba huchora mtungi juu ya mlango ili ijulikane kwamba aliye ndani amejiwekea. Fedha uliyoitia Mtungini haikatwi kodi. Mtoza kodi akifika penye Mtungi hugeuza uso, na niliwaona kwa macho yangu wakigeuza. Wana chuo cha kufundishwa kugeuza shingo, na anayegeuza kwa adabu zaidi hupandishwa cheo. Sharti ni moja tu, kwamba kilichomo kitumike kwa tiba, na tiba peke yake. Ukichota kwa jambo jingine, mtoza kodi anaugeuza uso wake tena, safari hii kukutazama wewe, na anachukua kodi pamoja na faini.

Mwanzoni niliipenda sheria hiyo. Mtu kujiwekea akiba ya siku ya homa, na serikali kujizuia kuipapasa, ni jambo ambalo hata kwetu tungelipigia makofi. Kisha nikakaribishwa nyumbani kwa bwana mmoja mwenye uwezo, akanionyesha bwawa lake la kuogelea. Bwawa lilikuwa limelipiwa na Mtungi, kwa kuwa daktari wake aliandika kwamba mgongo wa bwana yule unahitaji maji. Viti vya kujinyoosha kando ya bwawa vililipiwa na Mtungi, kwa ajili ya mgongo huohuo. Nilipotoka nilimkuta mchoma mahindi nje ya ukuta, nikamwuliza Mtungi wake yeye umemsamehe kodi kiasi gani.

"Kodi gani, ndugu yangu?" akasema huku akipepea makaa. "Ili usamehewe, kwanza uwe na cha kukatwa."

Nilipanga chumba kwa Bi Mashavu, mjane anayeshona sare za shule katika mtaa wa nyuma ya hospitali kuu. Alikuwa na mtoto mmoja, Mwatumu, msichana wa darasa la tano mwenye kisukari, mwembamba, mwenye maneno mengi hata mama yake alizoea kushona huku akimwitikia bila kumsikiliza. Siku niliyofika alinipokea mzigo, akaniamkia, na kabla sijakaa akaniambia nisinyooshe miguu chini ya kitanda.

"Kuna nini huko?"

"Kuna ndoo, mjomba. Ina sindano zangu. Ukiipiga teke ikamwagika, mama atafungwa."

Nilidhani ni utundu wa mtoto. Nikamtazama mama yake, naye hakucheka.

Mambo yalikuwa hivi. Mwatumu hujidunga insulini asubuhi, jioni, na kabla ya kula. Sindano ikiwa inaingia mwilini ni tiba, na Mtungi hulipa. Ikishatoka ni taka, na Mtungi haulipii taka. Ni marufuku kuitupa jalalani, maana mzoa taka atajichoma. Ni marufuku kuifukia, maana watoto hufukua. Ni marufuku kuichoma uani, kwa ajili ya moshi. Sindano zote lazima ziteketezwe katika tanuri la hospitali kuu, tanuri moja kwa jiji zima, na ada ya kuteketeza ndoo moja inapita anachopata Bi Mashavu kwa kushona muhula mzima. Kila moja ya sheria hizo, ukiishika peke yake, ina akili. Zikikaa pamoja ndipo zinapokuwa wendawazimu, na anayeishi katikati yao ni mjane na mwanawe.

Niliuliza swali ambalo hata mlevi angeuliza: kwa nini Mtungi usilipie tanuri? Nikaambiwa niende Barazani, maana swali hilo lilikuwa likijadiliwa huko.

Nilikaa kwenye jukwaa la wageni. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya wajumbe: je, sindano huacha kuwa tiba wakati gani? Kundi la kwanza, wenyewe hujiita Watu wa Ngozi, lilisema huacha pale pale inapoachana na ngozi. Kundi la pili, Watu wa Tone, lilisema madhali tone la dawa limebaki ndani ya bomba, ile bado ni tiba. Mjumbe mmoja mnene akasimama akauliza, na ikiwa nusu i ndani na nusu i nje? Baraza likaahirishwa kwa chakula. Waliporudi walikuwa wamekubaliana kwamba nusu ya ndani ilipiwe.

Mama mmoja wa viti vya nyuma akauliza wenye sindano wafanye nini nazo majumbani. Spika akamjibu kwa upole kwamba swali lake ni la usafi, si la afya, na kamati ya usafi hukaa jengo jingine.

Kisha akasimama Bwana Fasili. Huyu ndiye Mfasili Mkuu wa Mtungi, ofisa ambaye neno lake ndilo linaloamua kipi ni tiba na kipi si tiba. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti laini, na mikono aliyoiweka juu ya meza kama mtu anayesubiri sahani. "Waheshimiwa," alisema, "tukiruhusu Mtungi ulipie taka, wananchi watazalisha taka ili wakwepe kodi." Nilimtazama usoni nione kama anatania. Yaani mtu ajidunge tumboni kila siku, maisha yake yote, ili aponyoke kodi ya ndoo. Yule bwana wa bwawa alikuwa amekaa kiti cha jirani na changu, naye alipiga makofi mpaka mgongo ukamuuma.

Suluhisho, niliambiwa, lilikuwa limekwisha patikana, na Uzimani wote ulijivunia. Wakili mmoja mwerevu alisimama mahakamani akasema: Mtungi hulipia tiba ya mgonjwa. Ndoo ya sindano zilizotumika imejaa vijidudu. Chenye vijidudu kinaumwa, na kinachoumwa ni mgonjwa. Basi ndoo na ilazwe hospitali, na moto wa tanuri uwe ndiyo tiba yake. Mahakama ikakubali, Baraza likashangilia, kwa sababu hakuna hata neno moja la Sheria ya Mtungi lililoguswa. Tangu hapo kila ndoo husajiliwa kama mtegemezi wa mwenye Mtungi. Hupewa kitanda, maana mgonjwa hulazwa. Hupewa shuka. Nesi hupita kuipima joto. Zamu yake ya tanuri ikifika, huteketezwa, na daktari huandika kwamba mgonjwa amepona.

Nilicheka sana niliposikia hayo. Bi Mashavu alinisubiri nimalize.

"Cheka tu, kaka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alisema, huku akikata uzi kwa meno. "Ndoo yetu moja imelazwa tangu mwezi wa mfungo, inangoja zamu. Hii ya chini ya kitanda chako ni ya pili. Sheria inaniruhusu moja hospitali na moja nyumbani."

"Na hii ikijaa kabla ile haijatoka?"

"Ikijaa ni kosa. Wakaguzi hupita, hufunua kifuniko, hutazama. Jirani yangu wa pale kona alikutwa na ndoo iliyofurika. Cherehani yake walichukua."

Mwatumu alikuwa amekaa mkekani akifanya hesabu za shule. Aliacha kuandika, akasikiliza, kisha akaendelea kuandika. Sikuliona jambo hilo kuwa na maana yoyote.

Asubuhi moja, baada ya majuma kadhaa, niliamka nikakuta nyumba ina ukimya. Mwatumu alikuwa amejilaza kitandani kwa mama yake, anahema kwa nguvu kama aliyepanda mlima, midomo imekauka, na usiku kucha alikuwa ameomba maji na kwenda chooni. Bi Mashavu aliinama akanusa pumzi ya mwanawe. Ilikuwa na harufu ya nanasi lililochacha. Mama wa mtoto wa kisukari hahitaji kuambiwa maana ya harufu ile. Aliinuka, akaja chumbani kwangu bila kubisha hodi, akaivuta ndoo na kuifunua. Sindano zilikuwa karibu palepale zilipokuwa siku nyingi nyuma.

"Mwatumu. Hukujidunga?"

Mtoto alifumbua macho kwa shida. "Nilikuwa naruka moja moja, mama. Ndoo ilikaribia kujaa."

Nimeandika maneno hayo ya mtoto kama alivyoyasema, na kila nikiyasoma damu inanichemka. Nchi gani hii iliyomfundisha mtoto kuihurumia ndoo kuliko mwili wake? Alikuwa amepiga hesabu sahihi kabisa kwa sheria za kwao. Kosa lake lilikuwa la raia mwema.

Bi Mashavu alimdunga papo hapo, lakini alijua kwamba hali ile haitaki tena sindano moja. Inataka dripu na mtu wa kukaa naye. Nilimbeba mtoto mgongoni na tukakimbia hospitali kuu, ambayo ilikuwa ng'ambo ya ukuta.

Sasa nitaeleza wodi niliyoiona, na anayetaka kuniita mwongo aniite. Vitanda vilikuwa vimepangwa safi, shuka nyeupe, mito imetunishwa. Juu ya kila kitanda kulikuwa na ndoo. Ndoo za plastiki, nyekundu na njano, zimefunikwa shuka mpaka shingoni. Chini, sakafuni, kando ya kila kitanda, alikuwa amelala mtu. Mzee mwenye mguu uliovimba alilala kando ya ndoo yake. Mama mwenye mimba kubwa alilala kando ya ndoo ya bandeji za mumewe. Nilidhani hao ni watu waliokuja kuangalia wagonjwa wao. Bi Mashavu akanieleza kwa haraka: Mtungi mmoja hulipia mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Ndoo ikishalazwa, mwenye ndoo anangoja mpaka ipone.

Nesi wa wodi, Rukia, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimgusa Mwatumu shingoni na uso wake ukabadilika.

"Huyu anataka dripu na insulini sasa hivi."

"Basi mpe, dada yangu," Bi Mashavu akasema.

"Dawa hutolewa kwa aliye kitandani, mama. Kitanda cha Mtungi wako kina ndoo."

Nikauliza kama dawa zimekwisha. Nesi Rukia akafungua kabati nione. Lilikuwa limejaa mpaka mlango ulikuwa hautaki kufungika, maana wagonjwa wa vitandani hawatumii dawa. Nikauliza kwa nini madaktari wanakubali upuuzi huu. Akaniambia hospitali hulipwa kwa kila anayepona, na ndoo hupona zote. Haijapata kutokea ndoo ikafa. Watu hufa, huharibu takwimu, na ndugu zao hupiga kelele.

Wa kutoa ruhusa alikuwa Bwana Fasili, na ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido. Tulimwacha mtoto na nesi, tukaenda karibu mbio. Alitukaribisha viti. Alimwita Bi Mashavu mama yangu, akaniuliza kama nimeipenda hali ya hewa ya Uzimani.

"Mheshimiwa," Bi Mashavu alisema, "naomba ndoo yangu itolewe kitandani. Mwanangu anakufa."

"Pole sana, mama yangu. Unataka kumtoa mgonjwa kabla hajapona?"

"Ni ndoo, mheshimiwa."

"Ni mgonjwa, mama. Wewe mwenyewe ulimsajili. Na mgonjwa hatolewi na mtu mwingine. Haki ya kuomba kutoka ni yake. Aombe mwenyewe."

"Ndoo haiwezi kuomba," nikasema.

"Basi haijaomba," alijibu Bwana Fasili, bila dhihaka hata chembe. "Ningefurahi sana kama ingeomba."

Nikamwambia kwamba mtoto yule alikuwa akiruka sindano kwa kuogopa sheria yake. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Unaona sasa? Hatari za wananchi kujitafsiria sheria wenyewe." Kisha akasema kwamba adhuhuri atapita wodini kwa ukaguzi, na akatutakia kila la heri. Nimekutana na watu wakatili katika safari zangu, wenye fimbo na mbwa. Hao unaweza kuwachukia ukalala. Huyu alitufungulia mlango na kutushikia, nami nilitaka kumrukia shingoni.

Tuliporudi, Nesi Rukia alikuwa amepiga magoti kando ya Mwatumu. Mtoto alikuwa haitikii vizuri tena. Nesi alitutazama, akatazama ile ndoo ya kwao kitandani, nyekundu, na kibao cha usajili kikining'inia kwenye chuma. Akainuka.

"Kaka, nisaidie kuishusha," aliniambia. "Iweke uvunguni."

Niliishusha. Akamwinua Mwatumu, akamlaza kwenye shuka ile, akamfunika mpaka shingoni kama ndoo nyingine zote.

"Kibao kinasema kitandani kuna ndoo," alisema, tayari ameshika mkono wa mtoto akitafuta mshipa. "Na kazi ya ndoo ni kutiwa sindano. Hakuna mahali pameandikwa niache kutia." Mshipa ulimkataa, akajaribu mwingine, ukakubali. Dripu ikaanza kushuka. Akachota insulini kutoka kabati lile lililofurika. Bi Mashavu aliketi sakafuni, akashika ukingo wa kitanda, na midomo yake ikawa inaomba dua bila sauti. Saa zilipita. Pumzi ya mtoto ikaanza kutulia kidogo kidogo, na kabla ya adhuhuri akafumbua macho akamwita mama yake.

Nesi Rukia akamziba mdomo kwa kiganja, kwa upole. "Sikiliza, mwanangu. Dripu hii lazima iende mpaka jioni. Ikitolewa sasa, unarudi kulekule ulikotoka. Anakuja mtu hapa. Atakuuliza wewe ni nani. Usijibu. Kwa hali yoyote, usijibu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndoo haijibu."

Bwana Fasili aliingia na karani wake. Alitangaza kwa sauti yake laini kwamba pametokea udanganyifu katika wodi kadhaa, ambapo watu wasio na haki walikutwa wamelala katika vitanda vya wagonjwa, na kwamba ofisi yake imepata kipimo cha haki kwa wote. Akaanza na kitanda cha kwanza. Akaiinamia ndoo ya njano. "Wewe ni nani?" Ndoo ikanyamaza. Akatikisa kichwa kuridhika, karani akaweka alama, wakaenda kitanda cha pili. "Wewe ni nani?" Watu waliolala sakafuni walikunja miguu kumpisha. Hakuna aliyecheka. Alipita hivyo safu nzima, kwa uvumilivu wa daktari mwema, mpaka akafika kwetu.

Alisimama. Na hapa nataka niaminiwe: aliona. Macho yake yalipita juu ya nywele zilizosukwa, juu ya paji la uso, juu ya mkono mdogo wenye dripu.

"Dripu hii ni ya nini?"

"Ndoo ina homa kali, mheshimiwa," Nesi Rukia alisema.

"Na hii sindano?"

"Ndoo hutiwa sindano, mheshimiwa."

Bwana Fasili alifikiri. Jibu lilimpendeza, niliona. Akamgeukia Bi Mashavu. "Mama yangu, huu ni Mtungi wako. Unaapa kwamba aliye kitandani ni ndoo?"

"Naapa."

"Si mtu?"

"Si mtu."

"Maana nimesikia kwako asubuhi habari za mtoto."

Bi Mashavu alikuwa amesimama, mikono ameishika nyuma, na nilikuwa upande ambao niliiona ikisokotana. "Sina mtoto," alisema. "Sikuzaa. Hii ni ndoo."

Mwatumu alikuwa macho. Alimsikia mama yake.

"Na wewe, mgeni," Bwana Fasili akaniuliza, "unaona nini?"

Nilitaka kusema ninachokiona. Nilitaka kusema namwona mtoto wa darasa la tano, na namwona mbele yangu mwanamume mwenye elimu anayejitia upofu kwa mshahara. Lakini dripu ilikuwa bado nusu. "Naona ndoo," nikasema.

Akainama, mikono magotini, uso wake karibu na uso wa mtoto. "Wewe ni nani?"

Mwatumu alikaza midomo.

"Jina lako nani?"

Kimya.

"Mama yako yuko wapi?" aliuliza, na aliuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mtoto aliyepotea sokoni. Mama yake alikuwa amesimama hatua moja kutoka pale. Mtoto hakumtazama. Aliyaelekeza macho darini, na chozi moja likamtoka, likateremka upande wa uso na kuingia sikioni.

Bwana Fasili alilifuata chozi lile kwa macho mpaka likaisha. Akajinyoosha.

"Inavuja," alimwambia karani. "Ndoo zinazovuja ziwekewe beseni."

Karani akaleta beseni, akaliweka kando ya kichwa cha Mwatumu. Baadaye nilielezwa kwamba beseni lililipiwa na Mtungi wa Bi Mashavu, bila kodi, kwa kuwa beseni ni kifaa cha tiba.

Dripu iliendelea mpaka jioni, na siku zilizofuata. Foleni ya tanuri, ambayo imewaua watu wengi pale sakafuni, safari hii ilimlinda mtoto, maana ndoo za mbele yake zilikuwa nyingi. Alipopata nguvu za kusimama, Nesi Rukia alimfunga kanga kichwani akamtoa kwa mlango wa jikoni, na ile ndoo nyekundu tukairudisha kitandani, tukaifunika shuka. Mzee wa mguu uliovimba alitutazama tukifanya hivyo. Asubuhi yake ndoo yake ilikuwa palepale kitandani, na yeye hakuwapo tena sakafuni. Baada ya muda zamu ya ndoo yetu ikafika, ikateketezwa. Bi Mashavu aliitwa kupokea pongezi kwa kuwa mgonjwa wake amepona, akashikwa mkono na Bwana Fasili mwenyewe.

Nilikaa katika nyumba ile mpaka siku zangu Uzimani zilipokwisha. Mwatumu alikula, alijidunga bila kuruka, mashavu yalianza kumjaa. Alikwenda shule. Mwalimu wake alikuja siku moja kulalamika kwamba akiita majina asubuhi, Mwatumu haitikii. Ukimpa kitabu anasoma kwa macho. Ukimuuliza kama ameshiba anasukuma sahani, au anaivuta. Majirani walisema ni kudeka. Mimi niliyekuwa wodini nilijua alianza lini.

Siku ya mwisho mimi nafunga mzigo, Bi Mashavu aliacha cherehani, akaenda kukaa mkekani mbele ya mwanawe. Akamshika mikono yote miwili.

"Mwatumu. Tuko nyumbani. Hakuna mtu mwingine hapa, ni mimi na mjomba tu. Niambie, mwanangu. Mimi ni nani kwako?"

Mtoto alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Kisha akageuka akautazama mlango, akakaza midomo.